Injini Imebadilishwa, Gari Halichanganyi: Tafuta Kwenye Maungio

Swali lako kwa kifupi ni hili. Gari lilitoka kiwandani na injini ya petroli ya lita 1.5. Ilipokufa ukaweka ya lita 2.0 iliyokwisha kutumika, ikaja na giaboksi yake ya otomatiki pamoja na kompyuta yake. Linawaka mara moja, likisimama linaunguruma kwa utulivu, lakini ukikanyaga mafuta linapiga kelele tu, halichanganyi. Kufika kilomita 60 kwa saa ni kazi, na mlimani linashuka gia na bado linajikongoja. Umekwisha badilisha plagi, pampu ya mafuta na sensa ya hewa. Taa ya injini haijawaka hata siku moja. Unauliza ubadilishe nini sasa.

Usibadilishe kitu kingine mpaka umepima. Kila kifaa kipya unachofunga juu ya tatizo usilolijua kinaongeza jambo jingine la kutilia shaka, na kwenye gari la injini ya kupandikiza mashaka tayari ni mengi. Gari la kiwandani lilijaribiwa likiwa kitu kimoja: injini, mabomba, waya, ekzosi, giaboksi na magurudumu vilipangwa vifanye kazi pamoja. Gari lako halijawahi kujaribiwa hivyo na mtu yeyote. Ni nusu mbili zilizokutanishwa gereji, na katika miaka yote niliyofanya kazi hii nimekuta ugonjwa mara nyingi zaidi pale nusu hizo zinapoungana kuliko ndani ya injini yenyewe.

Anza na hiyo taa, kwa sababu maneno yako "hata siku moja" yamenishtua. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa inatakiwa iwake, kisha izimike injini ikishaanza kuunguruma. Kama haiwaki kabisa, ama balbu imeungua ama dashibodi ya zamani haikuungwa na kompyuta mpya, na ukimya wake si ushahidi wa uzima. Kompyuta inaweza kuwa imehifadhi makosa matano na huna habari. Chomeka mashine ya kusomea makosa ya kompyuta. Ikikataa kuwasiliana na kompyuta, waya za soketi hazikuhamishwa. Zihamishwe kwanza, maana vipimo kadhaa nitakavyokueleza vinapita hapo.

Ukishapata mawasiliano, jiulize ni udhaifu wa aina gani. Watu husema "gari halina nguvu" kwa mambo matatu tofauti kabisa: injini haizalishi nguvu, au inazalisha lakini kompyuta inaizuia, au nguvu ipo na inapotelea njiani kabla ya kufika kwenye matairi. Kosa la mafundi wengi ni kudhani moja kwa moja kwamba ni la kwanza.

La tatu ndilo rahisi kuliondoa. Kwenye sakafu tambarare, weka giaboksi kwenye N, toa breki ya mkono, sukuma gari. Mtu mmoja anatakiwa alisogeze bila kukakamaa sana. Kisha endesha kilomita chache ukigusa breki kwa uchache, simama, usogeze kiganja karibu na rimu zote nne. Moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, kalipa, yaani kibanio cha breki, imekwama. Nimeshuhudia injini ikilaumiwa wiki nzima kwa kosa la breki ya nyuma.

Baada ya hapo kuna kipimo kimoja ambacho kwa gari la otomatiki nakithamini kuliko vingine vyote, nacho ni kukanyaga mafuta huku gari limeshikiliwa na breki. Injini na giaboksi viwe vimepata joto la kazi, mafuta ya giaboksi yawe kwenye kiwango, vizuizi viwekwe kwenye magurudumu, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Kanyaga breki kwa nguvu zote, weka D, kanyaga mafuta mpaka mwisho, tazama mizunguko inafikia wapi, achia. Isizidi sekunde tano. Kisha acha injini ipumue kwenye N kwa dakika moja au mbili, kwa kuwa nguvu yote hiyo imegeuka joto ndani ya torki konveta, kiungo cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi.

Injini nyingi za lita 2.0 zenye giaboksi ya kawaida ya otomatiki hugotea kati ya mizunguko 2,000 na 2,700 kwa dakika. Kitabu cha giaboksi yako kitakupa namba kamili. Ikipita 3,000 kwa mbali, kuna kitu kinateleza ndani ya giaboksi, na injini haina hatia. Ikigotea kwenye 1,500 au 1,600, injini ni dhaifu kweli, au klachi ya upande mmoja iliyo ndani ya torki konveta imekufa. Hayo mawili yanatenganishwa barabarani: konveta yenye klachi iliyokufa hulifanya gari lijivute tangu linapoondoka mpaka kwenye kilomita 50 hivi, halafu linafunguka na kwenda kama kawaida. Wewe umesema na mlimani linachoka hata likiwa limeshashika mwendo. Hiyo inanielekeza kwenye injini au kwenye kinachoilisha. Na kwa kuwa giaboksi inashuka gia, haijakwama kwenye gia ya tatu kama zinavyofanya giaboksi nyingi zikipoteza mawasiliano na kompyuta. Gari linaloondokea gia ya tatu hulalamika hivyo hivyo unavyolalamika wewe, kwa hiyo uthibitishe: weka lever kwenye L au 1, uondoke. Likiruka mbele kwa nguvu usiyoizoea, rudi kwenye giaboksi.

Sasa injini. Kabla ya kufungua kitu, zima injini, fungua bomba la hewa, mwombe mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka chini huku wewe unatazama kipepeo cha throtoli, mlango unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Kinafunguka chote? Hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wazuri hupita haraka. Kama ni throtoli ya kebo, pedali ni ya gari la zamani na gurudumu la kuvutia kebo ni la injini mpya, na safari ya moja si lazima ilingane na safari ya nyingine. Niliwahi kuletewa gari lililokuwa limepita gereji tatu. Limefungwa pampu mpya, koili mpya, nozeli zimesafishwa mara mbili. Niliposhika kipepeo kwa mkono nikakuta pedali ikiwa imegusa zulia, kipepeo kimefunguka nusu tu. Tukahamisha mshikio wa kebo kwenye bano lake, kazi ya nusu saa, na mwenye gari akaondoka akiwa haamini. Sikufurahi sana, maana nilifikiria vifaa vyote alivyonunua kabla ya mtu yeyote kutazama tundu hilo.

Kama throtoli ni ya umeme, tazama namba mbili kwenye mashine: pedali na throtoli. Pedali ikikanyagwa mpaka mwisho inatakiwa isomeke karibu na mwisho wa kipimo chake, na throtoli iifuate ikipita asilimia 80 hivi. Pedali ikisomeka asilimia 60 tu, umefungiwa pedali ya gari la zamani isiyolingana na kompyuta. Pedali ikiwa 100 na throtoli ikagoma kwenye 25 au 30, kompyuta ndiyo inayozuia kwa makusudi, na sababu utaikuta kwenye makosa iliyoyahifadhi. Kwenye otomatiki za zamani kuna pia kebo ya pili inayotoka throtoli kwenda giaboksi. Ikilegea, giaboksi inapandisha gia mapema mno, na mbaya zaidi, presha ya mafuta ndani yake hupungua na klachi zake huungua polepole.

Throtoli ikiwa sawa, fuata hewa. Kama injini ina sensa ya presha ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, fungua swichi bila kuwasha, usome. Namba hiyo ni presha ya hewa ya mahali ulipo: karibu kilopaskali 100 usawa wa bahari, karibu 85 kwenye mwinuko wa mita 1,500. Sasa endesha, kanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye mlima, na msaidizi asome namba hiyo hiyo. Inatakiwa irudi karibu kabisa na ile ya mwanzo. Ikigoma chini kwa kilopaskali 15 au 20, hewa inabanwa kabla ya kufika kwenye silinda: kasha la filta la injini ya lita 1.5, bomba laini linalojikunja likivutwa, au kipepeo kisichofunguka. Ikirudi yote na bado hakuna nguvu, hewa inaingia; shida ni mafuta, moto, taimingi (mpangilio wa muda wa kufunguka kwa valvu) au njia ya kutokea moshi. Kipimo hiki kimoja kinakata nusu ya mashaka. (Na mwinuko wenyewe hula nguvu, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 kwa injini isiyo na turbo. Usilinganishe gari lako na la mtu anayeishi ufukweni.)

Kama injini inatumia sensa ya kupima wingi wa hewa, hiyo uliyoibadilisha, nina swali muhimu: uliifunga kwenye bomba gani? Sensa hii huonja sehemu ndogo tu ya hewa inayopita, na kompyuta huzidisha ikiamini upana wa bomba inalolijua. Ukiihamishia kwenye bomba lenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 10, eneo linaongezeka kwa asilimia 21, na sensa itasema hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 17 ilhali hewa ipo. Kompyuta inapunguza mafuta kwa imani njema, injini inakosa nguvu, na sensa ni mpya kabisa. Bomba jembamba kuliko la asili hufanya kinyume: mafuta yanazidi, moshi mweusi.

Kwa injini ya lita 2.0 yenye joto la kazi, ikiunguruma bila kukanyagwa, tarajia gramu 2 hadi 3.5 hivi kwa sekunde. Ikikanyagwa mpaka mwisho kwenye mizunguko ya juu, chukua gramu uzidishe kwa 1.25, utapata makadirio ya nguvu za farasi. Injini ya nguvu za farasi 140 inatakiwa ionyeshe kama gramu 110. Ukiona 65, ama kweli haivuti hewa, ama sensa inadanganya. Sensa ya oksijeni ya mbele, iliyoko kwenye ekzosi, itakuamulia: ile ya kawaida, ukikanyaga mpaka mwisho, inatakiwa ikae juu, volti 0.8 au 0.9. Ikianguka kwenye 0.1 au 0.2, mafuta hayatoshi kwa hewa iliyopo. Kama sensa yako ni ya aina ya uwiano mpana, soma lamda, yaani kipimo cha hewa dhidi ya mafuta ambapo 1 ni sawasawa, badala ya volti. Inatakiwa iende chini ya 1.

Hapo tunafika kwenye mafuta, ambapo wewe umebadilisha pampu, lakini hukusema pampu ya gari gani. Fanya hesabu nami. Injini ya petroli hula takriban gramu 300 kwa kila kilowati kwa saa ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kilowati 110 ni kilo 33, yaani kama lita 44 kwa saa. Injini yako ya zamani, tuseme ya kilowati 80, ilihitaji lita 32 tu. Ukinunua pampu mpya ya gari la zamani kwa sababu ndiyo inayoingia kwenye tangi lako, inaweza kuwa nzima na isitoshe. Gari likisimama injini itapumua vizuri kwa kuwa mahitaji ni madogo. Ukikanyaga, presha inaporomoka. Kipimo chake ni geji iliyofungwa kwenye njia ya mafuta na kutazamwa wakati gari linapanda mlima, siyo likiwa limeegeshwa. Injini nyingi zenye nozeli kwenye manifoldi hufanya kazi kwenye bar 2.5 hadi 4. Namba yenyewe si muhimu kama uthabiti wake: isidondoke unapokanyaga. Geji ifungwe na fundi anayejua kazi hiyo, hosi ibanwe sawasawa, na pasiwe na cheche karibu, kwa maana petroli yenye presha ikivuja juu ya injini ya moto haikupi nafasi ya pili.

Ukikuta presha inadondoka, usiilaani pampu kabla ya kupima umeme wake. Weka mita kwenye vituo vya pampu injini ikiwa inafanya kazi. Betri ikiwa na volti 14 na pampu inapata 11.5, waya ule mwembamba wa zamani au rilei iliyochoka ndiyo inayokula nguvu. Halafu kuna mfumo wa marejeo: baadhi ya magari yana kidhibiti presha ndani ya tangi na bomba moja tu la kwenda mbele, mengine yana kidhibiti kwenye injini na bomba la kurudisha mafuta. Injini ya aina moja ikifungwa kwenye gari la aina nyingine bila mtu kulishughulikia hilo, presha haitakuwa ile ambayo kompyuta inaitegemea, na mafuta yatakosewa kila unapokanyaga.

Waya wa arthi nausema kwa ufupi ingawa umenisumbua sana maishani. Pima volti kati ya chuma cha injini na kituo hasi cha betri, injini ikiwaka, taa na feni vikiwa vimewashwa. Ikizidi 0.2, arthi haitoshi, na sensa zinaweza kusomeka kwa upotovu.

Taimingi. Injini iliyotumika mara nyingi hubadilishwa mkanda kabla ya kufungwa, jambo zuri, lakini jino moja likikosewa injini huwaka, hutulia, na kukosa nguvu vilevile unavyoeleza. Angalia alama kwenye kamshafti na kwenye krenki yenyewe. Usiamini alama ya puli ya nje peke yake: puli nyingi zina mpira kati ya kitovu na duara la nje, mpira ukiachia duara linazunguka lenyewe na alama inakuwa uongo. Kwenye injini zenye mfumo wa kusogeza taimingi ya valvu, kama VVT-i ya Toyota, au wa kubadili mwinuko wa valvu, kama VTEC ya Honda, hakikisha soketi ya valvu yake ya oili imeungwa na inapata amri. Na sensa ya kusikia mgongano ndani ya silinda ikiachwa bila kuungwa, kompyuta huchelewesha moto kwa tahadhari. Gari linakuwa zito na halivunji kitu, kwa hiyo watu huishi nalo.

Ekzosi ya lita 1.5 kwenye injini ya lita 2.0 hubana, lakini mara nyingi hubana juu kabisa ya mizunguko, siyo kwenye kilomita 60. Ninachokihofia zaidi ni masega yaliyoziba, yale ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi. Toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Ikiunguruma bila kukanyagwa isizidi kilopaskali 10, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi 20 hivi. Ikizidi hapo na kuendelea kupanda kadiri unavyoshikilia, umempata mwizi.

Utaambiwa pia kwamba tatizo ni uwiano wa difu, yaani mizunguko mingapi inayotoka kwenye gia huzungusha magurudumu mara moja. Tuupime kwa hesabu. Tuseme difu ya giaboksi ya zamani ilikuwa na uwiano wa 4.3 na hii mpya ni 3.5. Umepoteza asilimia 19 ya msukumo kwenye matairi, ni kweli. Lakini kutoka lita 1.5 hadi 2.0 umeongeza theluthi moja ya ujazo. Ukizidisha hayo mawili, gari lilipaswa bado kuwa jepesi kidogo kuliko zamani. Uwiano unaweza kupunguza raha uliyoitarajia. Hauwezi kulifanya gari lijikongoje.

Komprisheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, nimeiacha mwisho kwa sababu injini inayotulia vizuri gari likisimama mara nyingi haina silinda iliyokufa, ila inaweza kuwa imechakaa silinda zote kwa pamoja. Ipime ikiwa na joto, plagi zote zimetolewa, mafuta na moto vimekatwa, throtoli imefunguliwa yote. Kati ya bar 10 na 13 kwa injini nyingi za petroli ni salama, na silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 15. Zote zikiwa 7 au 8, fikiria taimingi iliyoruka kwanza, kabla ya kuhukumu ringi.

Kwa dalili ulizonipa, dau langu liko kwenye ufunguzi wa throtoli, kisha mafuta yasiyotosha wakati wa mzigo, kisha taimingi. Siku moja ya kazi inatosha kuyamaliza yote matatu: asubuhi taa, mashine na throtoli, mchana geji ya mafuta mlimani, jioni alama za taimingi. Uniandikie namba tatu: mizunguko iliyofikiwa kwenye kipimo cha breki, hewa wakati umekanyaga mpaka mwisho (presha ya manifoldi au gramu kwa sekunde, kutegemea sensa uliyonayo), na presha ya mafuta wakati huohuo. Nikiwa na hizo nitakuambia pa kufungua.